Kusoma kwa Mdomo Uliofungwa

Siku ya kwanza, tarehe 2 Septemba 2024

Wanafunzi wanne leo. Wanne! Wakati wa Pasaka walikuwa kumi na saba, na wengine walikalia bidoni za maji kwa kukosa benchi.

Sababu naijua. Ina jina, na jina lake ni Monsieur Adalbert. Kijana wa miaka hamsini, kutoka upande wa Bukavu, shati limepigwa pasi hata siku ambayo mtaa wetu mzima wa Katoyi hauna umeme. Anafundisha watu wazima kusoma, kama mimi, katika kituo kilekile, chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Ila mimi nina ubao na chaki. Yeye, tangu Julai, ana tableti tatu. Unagusa picha, mashine inasema. Unaielekeza kwenye karatasi, inaipiga picha na kuisoma kwa sauti. Wanafunzi wake hawasomi. Wanasomewa! Nimemwambia hivyo Mama Bénita, mkuu wa kituo. Amejibu kwamba huko kwa Adalbert wamejaa.

Leo ameniaga Papa Constant, yule wa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anayebeba viazi vya watu. Amenipa mkono huku akiushika kwa mkono wa pili, kwa heshima zote. "Muzee, usikasirike. Telefone inasema, miye nasikia. Kusoma tena juu ya nini?" Halafu akapita mlango wa pili.

Saa nne Mama Bénita akatangaza. Siku ya posho, Jumamosi tarehe 14, atahesabu watu. Chumba chenye watu chini ya kumi kitakuwa depo ya simenti.

Simenti! Na ubao wangu utaegemezwa nyuma ya mifuko. Ubao huu nimeuchonga mwenyewe, nikaupaka weusi wa betri za redio zilizokufa, uliosagwa pamoja na makaa. Mwaka 2002 lava ilichukua nyumba yangu na vitabu vyangu mia moja na kumi na viwili (nilikuwa na orodha; orodha nayo iliungua). Ubao ulitoka juu ya kichwa changu. Tangu niteremke kutoka milima ya Masisi ni miaka thelathini na moja, na nimehama mara tisa. Ubao haujawahi kubaki nyuma.

Nina siku kumi na mbili. Nina akili. Inatosha.

Siku ya pili, tarehe 3 Septemba

Mpango wa kwanza: kungoja umeme ukatike.

Umekatika saa tatu kamili. Nikasimama mlangoni, chaki mkononi, tayari kuwapokea wakimbizi. Hakuja mtu. Adalbert alitoka na kioo cha kuvuta jua, akakilaza juu ya mawe ya lava kama mtu anayeanika mihogo, akanitazama. "Jua ni letu sote, Mwalimu." Nikamchukia kwa adabu.

Alasiri nimeingia kwake kwa kisingizio cha kuazima kitambaa cha kufutia ubao. Ana ubao gani, hata awe na kitambaa? Hakuuliza. Nikapata nafasi ya kugusa tableti. Picha ya ng'ombe. Mashine ikasema "ng'ombe" kwa sauti ya dada mmoja wa mbali sana, msafi sana, halafu ikalia.

Ng'ombe wa Masisi hawalii hivyo. Nimewasikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Ule ulikuwa mlio wa ng'ombe ambaye hajawahi kupanda mlima. Nimempelekea Mama Bénita malalamiko kwa maandishi, ukurasa mmoja na nusu. Amesema atayaweka kwenye faili.

Siku ya tatu, tarehe 4 Septemba

Nimepata! Nimepata nikiwa na mswaki mdomoni.

Katika parseli yetu kuna nyumba sita za mbao. Leo asubuhi, telefone ya Mama Ernestine, jirani yetu na mmoja wa walionikimbia, imepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mkwe wake wa Butembo. Akaufungua huku akichochea moto. Mkwe akaeleza, pole pole na kwa kirefu, jinsi mkewe alivyorusha sufuria, na sufuria ilimpata wapi. Nyumba ya tatu ikaitika: "Pole, mukwe!" Nyumba ya tano ikashauri barafu. Mama Ernestine akabaki amesimama na mwiko, amevuliwa nguo na telefone yake mwenyewe.

Sauti haina mlango. Karatasi inayo!

Basi, mpango. Watu hawaoni haja ya kusoma kwa sababu hakuna anayewaandikia jambo la siri. Nitawaandikia. Barua saba, bila jina, kwa wanafunzi saba kati ya walionikimbia. Kila moja itakuwa na jambo ambalo mtu hataki lisikike na nyumba ya tano. Watarudi mbio kujifunza. Saba na wanne ni kumi na mmoja. Depo ya simenti, kwaheri!

Siku ya ine, tarehe 5 Septemba

Nimeandika barua zote saba kwenye karatasi za kaye, daftari la shule. Kawaida naandika kwa herufi za kulala. Hizi nimezisimamisha wima kama askari. Hakuna atakayenijua.

Kwa Papa Constant: Tunajua kwamba kwenye mteremko unafumba macho. (Nimebuni.)

Kwa Mama Ernestine: Jirani yako anasema sombe yako haina chumvi. (Nimebuni pia, ingawa si sana; kisamvu chake nimekionja.)

Zile nyingine nne ni za namna hiyohiyo. Ya saba ni ya Mama Clotilde. Huyu anauza sambaza, visamaki vya ziwani, soko la Birere, mjane, mlima wao kule Masisi ulitazamana na mlima wetu. Alisoma kwangu miezi tisa, benchi la mbele, akaniacha Agosti. Hasara ya kawaida ya shule. Yake nimeiandika hivi, kwa sababu za ualimu tu:

Mama Clotilde. Kuna mutu anakuona kila asubuhi ukipita na beseni. Anajua kicheko chako mbele ya kuona uso. Ukicheka, anasahau kwamba sisi si watu wa hapa.

Nimeiandika mara nne. Karatasi ni ghali lakini mwandiko lazima uwe safi.

Nimezipitisha chini ya milango saa tano, wakati watu wote wako sokoni. Kuku mmoja tu ameniona.

Siku ya tano, tarehe 6 Septemba

Msiba.

Saa moja na nusu asubuhi nimekuta watu saba kwenye benchi langu la nje, wamepangana kama dispansari, kila mmoja na barua yake mkononi. Nikasema moyoni: wamerudi, Mungu ni mkubwa! Hapana. Wameleta barua niwasomee.

Niwasomee mimi! Nilisahau jambo moja dogo. Kwa miaka ishirini, katika kartie hii, barua yoyote ikifika, ya hospitali, ya mahakama, ya paroko, inaletwa kwa Muzee Barthélemy. Mimi ndiye mdomo wa karatasi zote za Katoyi. Nimewafundisha mwenyewe kuja.

Ningewasomeaje? Sauti yangu ingetetemeka kwenye kila nukta. Nikasema lineti zangu zimepotea. Papa Constant akasema ziko juu ya pua. Nikasema hizi ni za kuonea mbali. Wakanipa pole, wakainuka, wakaenda mlango wa pili, kwenye tableti.

Nikaweka sikio ukutani. Yule dada msafi akasoma, kwa sauti ya kutangaza habari: "Sombe yako haina chumvi." Darasa zima likalipuka. Mtu akabonyeza irudie. Ikarudia. Halafu zamu ya Papa Constant. "Tunajua kwamba kwenye mteremko unafumba macho." Kisha sauti yake, ndogo kabisa: "Nani amebaambia?"

Kumbe ni kweli! Kuanzia leo sipandi juu ya viazi vyake.

Mtu mmoja tu hakutoa barua. Nimemwona kupitia ufa wa mbao. Mama Clotilde aliitazama ile mashine, akaitazama karatasi, akaifunga ndani ya fundo la kitenge chake. Adalbert akamwambia, lete mama, dakika moja tu. "Apana, Monsieur. Hii haiko ya masikio ya batu." Akabeba beseni lake, akaenda.

Nimekaa chini. Kwa sababu ya jua.

Siku ya posho, tarehe 7 Septemba

Mama Ernestine amefanya uchunguzi. Barua inasema "jirani yako". Ukuta mmoja wa nyumba yake unatazama barabara. Ukuta wa pili unatazama choo. Ukuta wa tatu unatazama nyumba yetu. Mpishi wa nyumba yetu ni Vanessa, binti wa marehemu dada yangu.

Kelele zimeanza saa kumi na mbili na zimeisha saa nne. Vanessa ameapa hajawahi kuonja sombe ya yule mama, na sasa hataionja hata akilipwa. Mama Ernestine amesema basi asahau na sufuria kubwa anayoazima kila mara. Sufuria kubwa imerudi kwao. Kwetu imebaki ndogo. Leo tumekula fufu ya ukubwa wa ngumi. Vanessa ameniuliza ni mtu gani mwenye roho mbaya anayeweza kuandika barua kama ile.

Nimesema dunia imeharibika.

Siku ya kwanza, tarehe 9 Septemba

Saa mbili, Mama Ernestine mlangoni pangu, na Papa Constant nyuma yake, na wengine wanne. Nikajua wamenigundua. Nikatafuta kwa macho mlango wa nyuma. Darasa langu halina.

Wamekuja kusoma! Mama Ernestine amesema ile mashine imemwaibisha mbele ya watu, na barua nyingine ikija ataisoma mwenyewe, mdomo umefungwa, na atajua peke yake kama chumvi ipo au haipo. Papa Constant amesema vilevile, isipokuwa chumvi.

Barua zangu saba zimefanya kazi! Mlangoni walikuwa sita, lakini nahesabu na Mama Clotilde. Alikuja wa mwisho, akakaa benchi la mbele, mahali pake pa zamani. Mwisho wa somo akanionyesha kiganja. Ameandika humo kwa biki, kwa kunakili, umbo moja baada ya jingine: KUNA MUTU. Akauliza hiyo inasema nini. Nikamwambia tuisome pamoja. Akaisoma. Akafunga kiganja. Nikamuuliza, kama mwalimu, ameyatoa wapi maneno hayo.

"Fasi fulani, Mwalimu."

Siku ya pili, tarehe 10 Septemba

Kiganja cha leo: BESENI. Alipoisoma, akatazama beseni lake, akatazama dirisha, akafuta mkono kwenye kitenge.

Naijua ile barua kwa moyo. Najua hasa alipofika. Baada ya beseni kinakuja kicheko. Baada ya kicheko kuna ile sentensi ya mwisho, na ile sentensi sikupaswa kuiandika. Ilitoka yenyewe. Karatasi ya nne, mtu amechoka.

Lazima niipate ile barua kabla hajafika mwisho.

Siku ya tatu, tarehe 11 Septemba

Kiganja: KICHEKO.

Mipango miwili, yote imekufa. Wa kwanza: nimeomba darasa zima lilete "maandishi yoyote ya nyumbani" niyakague. Mama Ernestine ameleta mfuko wa sabuni. Papa Constant ameleta kadi ya ubatizo. Mama Clotilde ameleta karatasi ya kufungia sambaza.

Wa pili ninauonea haya. Nilitaka kumfundisha herufi moja vibaya. Moja tu, ili achelewe hadi wiki ijayo. Nikachora S ubaoni, nikafungua mdomo kusema jina jingine. Mdomo ukakataa. Miaka arobaini na sita ya chaki haikubali. Nikasema "S", kwa hasira, na darasa zima likarudia kwa hasira.

Siku ya ine, tarehe 12 Septemba

Kartie imeamua ni nani mwandishi wa zile barua. Ni Adalbert!

Hoja zao: ana karatasi, ana biki tatu mfukoni, hana mke, na amesoma Bukavu. Hakuna hata mmoja aliyenitaja mimi. Nimepumua. Halafu nimekasirika. Yaani mimi siwezi?

Saa sita Mama Clotilde amepita mbele ya mlango wangu na sahani iliyofunikwa. Sambaza za kukaanga, na pilipili pembeni, nimesikia harufu. Akaipeleka mlango wa pili. Kwa ufa nimemwona Adalbert akisimama, akifuta mikono, akisema ooh mama, haikuwa lazima. Akala zote. Na vichwa vyake!

Nyumbani fufu ya ngumi.

Siku ya tano, tarehe 13 Septemba

Kiganja cha leo kilikuwa na neno moja: ANASAHAU.

Akasoma bila mimi. Hakuuliza inasema nini. Aliuliza tu: "Mwalimu, mutu anaweza kusahau vile, kweli?" Nikasema kisarufi inawezekana.

Nimewaza kuugua kesho. Lakini kesho ni hesabu ya Mama Bénita.

Siku ya posho, tarehe 14 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Mama Bénita amefika saa tatu na daftari lake. Kwa Adalbert: kumi na wawili. Kwangu: kumi na mmoja. Nikaanza kucheka. Akaniinulia kidole. Kuhesabu vichwa hakutoshi, akasema, hata mbuzi wana vichwa. Anataka kuona mtu akisoma. Yeyote, kitu chochote.

Mama Ernestine akasoma mfuko wa sabuni mpaka chini, na uzito wake. Makofi. Papa Constant akasoma jina lake na la baba yake kwenye kadi ya ubatizo, akabaki ameishikilia muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Mama Bénita akanyooshea kidole benchi la mbele.

Mama Clotilde akasimama. Akafungua fundo la kitenge. Niliijua ile karatasi kabla haijakunjuliwa. Na Adalbert amesimama mlangoni, na darasa lake lote nyuma yake! Watu ishirini na tatu, na Mama Bénita. Nikashika ubao kwa mikono miwili.

Akaiweka mbele ya macho. Mdomo umefungwa. Macho tu ndiyo yalitembea, yakasimama, yakarudi nyuma, yakatembea tena. Muda mrefu. Nje mtu alikuwa anaita mandazi. Kwenye mstari wa mwisho macho yakasimama kabisa. Halafu akaikunja, akairudisha kwenye fundo, akafunga.

"Nimemaliza."

Mama Bénita akasema hajasikia kitu.

"Hii njo kusoma, mama," akasema Clotilde. "Ungesikia, ingekuwa redio."

Darasa likapasuka. Hata watu wa Adalbert. Mama Bénita amejitahidi kuwa mkuu wa kituo, ameshindwa, amecheka mpaka daftari limeanguka. Ameandika: Chumba cha Muzee Barthélemy kibaki.

Ushindi! Nusu ushindi. Ameamua pia kwamba ukuta wa mbao uondolewe, ili watu wasikilize kwa Adalbert na wasome kwangu, zamu kwa zamu. Adalbert amekuja kunipa mkono. Amesema kwa sauti ya chini kwamba amefurahi, maana mashine haimwulizi mtu kwa nini jana hakuja, na yeye mwenyewe hukosa cha kuwaambia wanafunzi. Nimesema tutazungumza. Nimeweka alama kwenye chaki zangu zote.

Yenga, tarehe 15 Septemba

Baada ya misa ya Jumapili nimekuta karatasi chini ya mlango wangu. Kutoka kwenye kaye. Herufi kubwa, zinapanda mlima na kushuka, biki imekandamizwa hadi karatasi imetoboka mahali pawili. Nainakili hapa ili isije ikaungua kama vitabu.

Mwalimu. Miezi tisa nilitazama ubao. Herufi zako ziwe za kulala, ziwe za kusimama, mukia wa j yako ni moja tu. Nilijua siku ya kwanza. Sambaza nilipelekea Adalbert nione uso wako. Niliuona. Jana nilifika kwa neno la mwisho. Miye pia nasahau. Sasa kuja, useme na mudomo. Majirani basikie. Clotilde.

Nimeisoma mara sita. Mdomo umefungwa.

Vanessa ameniuliza kwa nini nimekaa na sahani tupu nikicheka. Nimesema ni kwa sababu ya sarufi. Mama Ernestine, kupitia ukuta, ameuliza kama muzee amepata homa. Vanessa amemjibu, mara ya kwanza tangu ile sufuria, kwamba anadhani ndiyo. Wamecheka pamoja.

"Kuja, useme na mudomo." Anataka nitembee kutoka hapa hadi kwake, nyumba kumi na nne za mbao, nisimame mlangoni, niseme. Kwa sauti! Mimi, mtu mzima, mwalimu!

Hapana. Nimefikiri vizuri na nimepata njia bora. Nitamjibu kwa barua. Bila jina. Nitaipitisha chini ya mlango kesho saa tano, akiwa Birere. Na kuhusu ule mkia wa j, nimeshaupatia dawa: nitaandika kwa mkono wa kushoto.

Hatajua kamwe.